Umepata Kamera ya Fulfremu: Kabla Hujaipeleka Harusini

Wapiga picha wanaonifuata kuhusu fulfremu huniuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: "Nimenunua kamera kubwa, mbona picha za mwanzo si kama nilivyotarajia?" Mmoja atasema hazina makali, mwingine atasema watu wanaonekana wako mbali, na wapo wanaoamini wameuziwa bodi mbovu na tayari wanatafuta risiti. Mara nyingi kamera ni nzima. Kilichobadilika ni umbali kati yako na mtu unayempiga, pamoja na upana wa sehemu inayoshika fokasi. Jicho na mkono wako bado vinafuata vipimo vya kamera ya zamani.

Naandika hasa kwa anayepiga harusi, sendofu, kipaimara na mahafali, kwa sababu kazi hizo hazirudiwi. Pete ikishavaliwa imevaliwa. Kwa hiyo ninakuomba, kamera mpya isiende peke yake kwenye kazi ya malipo kabla hujaifanyia majaribio yaliyo hapa chini. Ikiwa imekufikia Alhamisi na harusi ni Jumamosi, beba zote mbili, na ya zamani ndiyo iwe ya kazi.

Nini hasa kimebadilika

Kihisi, kile kipande cha kupokea mwanga nyuma ya lenzi, sasa kina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35. Kamera yako ya zamani ya APS-C ilikuwa na takriban milimita 23.5 kwa 15.6 ikiwa ni Nikon au Sony, na 22.3 kwa 14.9 ikiwa ni Canon. Eneo limeongezeka zaidi ya mara mbili, na utayaona matokeo haya:

- Lenzi ileile inaona pana zaidi. Lenzi ya 50 iliyokuwa inakupa mwonekano wa 75 au 80 sasa inakupa 50 kamili.
- Ukimjaza mtu kwenye fremu kama zamani, sehemu yenye makali inakuwa nyembamba zaidi.
- Chenga za gizani zinapungua kwa takriban hatua moja. ISO 3200 itafanana na 1600 uliyoizoea.

Hilo la tatu lina sharti: kamera mbili hizo ziwe za kizazi kimoja. Canon EOS 5D ya mwaka 2005 ni fulfremu ya kweli, lakini ISO yake ya kawaida inaishia 1600. Bodi nyingi za APS-C za miaka ya karibuni zinaipita kabisa kwenye ukumbi wenye giza. Jina la fulfremu lisikununulishe kamera ya umri huo kwa bei ya matumaini.

Siku ya kwanza, kagua

Wengi wetu tunanunua bodi zilizotumika, iwe Kariakoo, iwe kwa mtu anayeleta mzigo kutoka Dubai. Muuzaji akikupa siku chache za kurudisha, zitumie zote.

1. Hesabu ya shata. Canon 6D ilitengenezwa kwa makadirio ya mapigo 100,000, Nikon D750 kwa 150,000 na Sony A7 III kwa 200,000. Kupita hapo si kifo, ila bei inapaswa kushuka.
2. Vumbi. Weka f/16, ISO 100, lenzi isifokasi, kisha piga anga au ukuta mweupe. Vuta picha uone madoa meusi. Madoa yanayofutika kwa kusafishwa si tatizo; mkwaruzo ni tatizo kubwa.
3. Nafasi za kadi. Piga picha ukitumia kila nafasi, kisha usome kadi kwenye kompyuta.
4. Kiatu cha fleshi. Funga fleshi yako mwenyewe, piga mfululizo, uitikise kidogo. Ikikatakata, sehemu ile imelegea.
5. Saa na tarehe. Oanisha na kamera ya zamani mpaka dakika. Usipofanya hivyo, picha za kamera mbili zitachanganyika kwenye kompyuta na keki itakatwa kabla ya maharusi kuingia ukumbini.

Lenzi zipi unakuja nazo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Soma maandishi yaliyo kwenye lenzi kabla hujatoa hata shilingi:

- Canon: EF inafaa fulfremu ya DSLR. EF-S haifungi kwenye bodi hiyo, na usiilazimishe, kwa kuwa kitako chake kinaingia ndani na kinaweza kugonga kioo. Kwenye bodi zisizo na kioo (mirrorless), RF ni ya fulfremu na RF-S ni ya kihisi kidogo.
- Nikon: yenye herufi DX ni ya kihisi kidogo. Inafunga, lakini kamera inakata picha yenyewe, na D750 ya megapikseli 24 inakuachia kama 10.
- Sony: tafuta FE. Yenye E peke yake kwa kawaida ni ya kihisi kidogo.
- Sigma: DG ni ya fulfremu, DC ni ya kihisi kidogo.
- Tamron: Di ni ya fulfremu, Di II ni ya kihisi kidogo.

Tahadhari kwa wa Canon: Sigma DC na Tamron Di II zinaingia vizuri tu kwenye 6D, ndiyo maana watu hudhani zinafaa. Piga moja utaona pembe zote nne nyeusi.

"Basi nitumie lenzi yangu ya DX kwa muda mpaka nipate hela?" Unaweza, kwa picha za WhatsApp. Lakini ukitumia sehemu ndogo ya kihisi umerudi kwenye kamera ya zamani, tena yenye pikseli chache kuliko hiyo ya zamani. Kama hela inatosha bodi tu bila lenzi hata moja ya fulfremu, ungebaki ulipokuwa na ununue lenzi nzuri kwanza. Ushauri huu haupendwi, ila nausimamia. Lenzi nyepesi ya 50 f/1.8 kwa kawaida ndiyo mwanzo wa bei nafuu kwa Canon, Nikon na Sony, na inatosha kujifunzia yote yaliyo humu.

Umbali: pigana na miguu yako

Kosa la wiki ya kwanza huwa hivi. Ulizoea kumpiga bibi harusi kichwa na mabega kwa lenzi ya 50. Sasa kwa 50 hiyohiyo anaonekana mdogo, basi unamsogelea mpaka ajae. Fremu imerudi, lakini sura si ile. Ukiwa karibu hivyo pua inakua, paji la uso linajitokeza na masikio yanarudi nyuma. Yeye hatajua sababu, atakwambia tu kwamba hajapendeza, na atakuwa na haki.

Fanya hivi nyumbani, ukiwa na ndugu mwenye subira:

1. Msimamishe penye mwanga wa dirisha.
2. Mpige kwa kamera ya zamani na 50, kichwa na mabega. Weka alama sakafuni mahali uliposimama.
3. Chukua fulfremu na 50 ileile, simama palepale. Tazama ulichopata.
4. Msogelee mpaka fremu ilingane. Tazama uso wake.
5. Rudi kwenye alama, funga 85 au vuta lenzi yako mpaka 75 au 80. Uso umerudi.

Baada ya zoezi hilo utaelewa kwa nini 85 ni lenzi ya uso kwenye fulfremu, na kwa nini 35 sasa inatosha kwa meza kuu na kwa chumba cha kuvalia. Chumba cha kuvalia ndipo fulfremu inapotoa raha kubwa. Kile chumba chenye mashangazi, sanduku na kioo kimoja, ulichokuwa ukikipiga umebanwa ukutani, sasa kinaingia chote.

Wanaopiga wanyama Serengeti au Maasai Mara wafikiri mara mbili. Lenzi ya 300 iliyokuwa ikikuletea simba kama 450 sasa inabaki 300. Ukikata picha baadaye kufikia ukubwa ule, katika megapikseli 24 utabakiwa na 10 na ushei. Kwa kazi hiyo kamera ya zamani bado ina nafasi kwenye gari.

Fokasi: hapa ndipo picha zinapoharibika

Lenzi ya 85 kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, ina sehemu kali ya takriban sentimita 6. Kwenye kamera ya zamani, fremu na f zikiwa zilezile, ulikuwa na kama 9. Hizo tatu zilizopotea ndizo zilizokuwa zinakuokoa bibi harusi alipopumua, au bwana harusi alipoegemea nyuma kidogo. Sasa jicho la bibi ni kali na uso mzima wa bwana umefifia.

Najua umelipia huo ukungu wa nyuma. Utaupata, tena kwa f/2.8 utabaki mzuri tu, maana kihisi kikubwa kinakusaidia. Kufungua lenzi mpaka mwisho kwa kila picha ni kosa ninaloliona katika albamu nyingi za watu waliohamia karibuni. Anza na vipimo hivi, kisha utavirekebisha:

- Mtu mmoja, anatulia: f/2 hadi f/2.8.
- Wawili wamekaribiana nyuso: f/4. Kwa 85 na mita 2 ileile unapata kama sentimita 13.
- Familia safu moja: f/5.6.
- Ukoo mzima, safu tatu na watoto wamekaa chini mbele: f/8, na fokasi kwa watu wa safu ya kati.
- Maharusi wanaingia wakicheza: f/2.8 hadi f/4, shata 1/250, upigaji wa mfululizo.

Sasa kuna tofauti kati ya aina mbili za bodi.

Ukiwa na DSLR. Chungulia uone: alama za fokasi zimesongamana katikati. Kamera ya zamani ilizitawanya karibu na kingo, kwa hiyo uliweza kuweka moja juu ya jicho la mtu aliye pembeni. Canon 6D ina alama 11, na ya katikati peke yake ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo pamoja, kwa hiyo ndiyo ya kuaminika gizani. Wengi hufokasi katikati kisha wanageuza kamera kupanga fremu. Kwa f/1.8 kule kugeuza kunatosha kuhamisha makali kutoka jichoni hadi sikioni. Ziba lenzi kidogo, au acha nafasi pembeni ukate baadaye kwenye kompyuta.

Ukiwa na isiyo na kioo. Alama zinafunika karibu fremu yote na kamera inafuata uso na jicho. Washa uwezo huo mapema na uujaribu. Angalia hasa shela iliyofunika uso: fokasi hushika lesi na kuacha jicho nyuma. Hapo hamia kwenye alama moja ndogo uiweke mwenyewe.

"Nimefanya yote na bado haina makali." Basi jaribu hivi. Weka kamera kwenye stendi, panga chupa tatu kwa mshazari, ya mbele, ya kati na ya nyuma, ufokase ya kati ukiwa na lenzi wazi kabisa. Piga mara kadhaa kwa kuchungulia, kisha mara kadhaa kupitia skrini ya nyuma. Kama kwa skrini ni kali na kwa kuchungulia makali yanaangukia chupa nyingine, lenzi na bodi hazijaelewana. D750, 6D na 5D Mark III zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, kwa kila lenzi peke yake. Kama zote ni kali, tazama shata yako: huenda ulikuwa unapiga watu wanaotembea kwa 1/60.

Ukumbini: ISO, gauni jeupe na fleshi

Acha kuogopa ISO. Mtu aliyetoka kwenye kamera ndogo huwa ameapa kutopita 1600, basi anapiga picha nyeusi kwa 1600 kisha anaipandisha mwanga kwenye kompyuta, na chenga anazozikimbia zinamfuata hukohuko. Piga kwa 3200 au 6400 yenye mwanga kamili. Mara nyingi itakuwa safi kuliko 1600 iliyovutwa. Weka ISO ya otomatiki yenye kikomo cha 6400 na shata isishuke chini ya 1/160, halafu piga jioni nzima nyumbani kwa taa moja ujionee mwenyewe.

Jambo la ngozi nalisisitiza. Kamera ikiona gauni jeupe lililojaa fremu hudhani pana mwanga mwingi na kuupunguza, na anayeumia ni mwenye gauni: uso wake mweusi unazama. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua au hatua nzima, tazama histogramu isigonge ukuta wa kulia, na upige RAW. Fulfremu inakupa nafasi kubwa ya kurudisha lesi kwenye weupe na ngozi kwenye rangi yake. Mtu asitoke kwenye harusi yake akiwa na uso wa majivu kwa sababu mpiga picha aliiamini mashine.

Tahadhari nyingine za ukumbi:

- Kasi ya fleshi. 6D na Canon EOS RP zinaishia 1/180, D750 ni 1/200, A7 III ni 1/250. Ukipita hapo bila kuwasha kasi ya juu kwenye fleshi, unapata utepe mweusi upande mmoja wa picha. Uliyetoka kwenye bodi ya 1/200 uliyoizoea, badilisha kabla hujaanza.
- Dari la vitambaa. Fleshi ikigeuzwa juu inarudi na rangi ya mapambo. Dari la waridi, nyuso za waridi. Geuzia ukuta mweupe au tumia kadi nyeupe juu ya fleshi.
- Shata ya kimya. Inapendeza kanisani, lakini chini ya taa za LED huleta mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo bila fleshi jaribu shata ya kawaida kwa 1/100 au 1/50 kwanza.

Video, kwa kifupi

Usidhani fulfremu ni fulfremu hata kwenye video. EOS RP ikipiga 4K inakata picha sana, na A7 III inakata kidogo kwenye fremu 30 kwa sekunde lakini si kwenye 25. Piga 25 na shata 1/50, taa za ukumbi zitatulia. 6D haina 4K, na haitafuata fokasi ya mtu anayetembea.

Kadi, betri, mgongo

Faili la RAW la A7 III lisilobanwa lina takriban MB 47. Likibanwa ni karibu nusu ya hapo. Picha 1,500 zisizobanwa za siku moja zinakaribia GB 70. Piga hesabu ya diski kabla ya msimu wa harusi, kwa sababu unahitaji nakala mbili.

EOS RP inakadiriwa picha 250 kwa betri moja, D750 zaidi ya 1,200. Ukitoka kwenye DSLR kwenda isiyo na kioo, nunua betri tatu, zikiwemo za asili.

Kamera yenye nafasi mbili za kadi, kama D750, A7 III au Nikon Z5, iandikie kadi zote mbili kwa pamoja. Yenye nafasi moja, kama 6D na RP, badilisha kadi baada ya ibada, ili kanisa na ukumbi visikae kwenye kadi moja.

D750 na lenzi ya 24-70 f/2.8 ni karibu kilo 1.7. Ukanda mwembamba uliokuja na kamera utakukata shingo kabla ya keki. Tafuta wa kupitisha begani.

Pwani na bara

Dar, Zanzibar na Mombasa adui ni unyevu. Ukitoka na kamera kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda ufukweni, lenzi inaingia umande papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto polepole, na usifungue lenzi ikiwa na umande. Usiku hifadhi kwenye boksi la plastiki linaloziba, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, maana kuvu ikiingia ndani ya lenzi hutoka kwa shida. Usifungie begi la ngozi kabatini miezi mitatu.

Dodoma na Shinyanga adui ni vumbi. Zima kamera, ipe upepo mgongo, elekeza mdomo wake chini, badilisha lenzi haraka. Bodi nyingi zisizo na kioo huacha kihisi wazi lenzi ikitoka. Tumia kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo kwa kuwa mate yatafika, na usiguse kihisi kwa kitambaa cha miwani.

Maswali mawili yanayobaki

*Wateja wataona tofauti?* Mchana uwanjani kwa f/8, hawataona, hasa ukiwatumia kwa WhatsApp inayobana picha. Wataiona usiku ukumbini, wataiona kwenye albamu ya kuchapwa, na wataiona kwenye picha za uso. Usipandishe bei wiki ya kwanza kwa sababu ya kamera. Ipandishe ukishakuwa na picha za kuonyesha.

*Niuze ya zamani?* Subiri msimu mmoja upite. Iwe kamera ya pili kanisani ikiwa na lenzi ndefu, kwa kuwa inavuta zaidi, na iwe tegemeo ikitokea mpya imegoma. Ukifika wakati wa kuiuza, iuze pamoja na lenzi zake za DX au EF-S: anayeanza anahitaji seti kamili, nawe hutabaki na lenzi zisizokufaa. Toa kadi, rudisha menyu kwenye mipangilio ya kiwandani, na ufute jina lako kwenye sehemu ya hakimiliki, vinginevyo picha za mnunuzi zitaendelea kubeba jina lako.